Nyumba Isiyo na Hadithi

Mwezi wa saba hapa Katuba
maji ya ndoo yanauma vidole kama mbwa uliyemlea mwenyewe.
Wageni hawaamini: baridi, Lubumbashi?
Waje walale kwetu usiku mmoja tu,
bati likilia juu, vumbi jekundu limeganda kizingitini,
umeme umeondoka tangu saa kumi na mbili
bila kuaga.

Mbabula ndiyo ilikuwa mkubwa wa nyumba yetu.
Tuliizunguka watoto sita, magoti motoni, migongo barafuni,
bukari imekwisha, ndakala tumekula hadi macho,
makala yakipumua mekundu, polepole,
kama mtu aliyelala na siri.

Saa tatu ikifika, mama alisimama.
Hakusema kitu. Alikaza kitenge kiunoni,
akashika masikio ya mbabula kwa matambara mabichi,
akaitoa nje.
Joto lote lilimfuata mlangoni kama vifaranga.
Nasi tukaanza: Mama, kidogo tu! Mama, Kabange anatetemeka!
Akarudi mikono mitupu.
"Pandeni kitandani wote. Mwenzako ni blanketi."

Kisha alizunguka.
Buji ndani ya kopo la sadini, maji kidogo chini yake,
mbali na neti ya mbu, mbali na madaftari ya Kyungu;
akisubiri wa mwisho avue viatu, aizime mwenyewe kwa vidole.
Waya uliopita dirishani kutoka kwa jirani, aliunusa.
Kweli, aliunusa,
kama anunuaye samaki na hamwamini muuzaji.
Petroli ya shemeji Monga ililala uani, nje kabisa.
"Itaibwa!" shemeji alilalamika.
"Iibwe. Mwizi huacha kuta."
Ufunguo ulikaa kwenye tundu lake, siku zote kwenye tundu lake,
na nyuma ya mlango ndoo ya mchanga
ambayo hata paka alijua si yake.
Mwisho dirisha: aliliacha wazi, upana wa kidole,
baridi ikaingia kwa hapo kama mpangaji aliyelipa.

Tulidhani ni ubahili wa makala.

Ni shangazi Mwadi aliyenieleza, tayari nina ndevu,
tukikaa kando ya kinu, sombe imesimama nusu:
chumba cha kupanga, mtaa wa Kenya,
baridi ya mwaka ambao mimi sikuwepo.
Moto haukumgusa mtoto, alisema.
Hakuna kilichoungua, hata mkeka.
Kulikuwa na mbabula tu, na joto zuri,
na mlango uliofungwa vizuri.
Alilala vizuri mno.
Aliitwa Banza.
Mimi naitwa Banza.

Akachukua mchi, akaendelea kutwanga.

Leo nina nyumba yangu Ruashi, mlango wa chuma, deni la bati.
Saa tatu nashika mbabula kwa masikio.
Nje namwagia maji: tsssss,
majivu yanasema neno moja na kunyamaza.
Feza mke wangu anavuta shuka hadi puani:
"Unaogopa kama mzee."
Naogopa kama mama.

Fundi cherehani wa barabara ya pili
alisahau pasi ya makala juu ya suti ya arusi.
Mtaa mzima ulikuja na mabeseni,
pole zilikuja, kanisa lilikuja,
hadithi yake inatembea mpaka leo, imeota hata miguu mingine.
Yetu haina hadithi.
Hakuna aliyebisha hodi asubuhi kusema
hongereni, jana usiku hamkuungua.
Kuta zipo. Neti ipo. Watoto wapo,
wanakohoa, wananuna,
wananichukia kidogo kila saa tatu.

Wacha wanichukie.
Nakwenda kunusa waya.